Dawa ni Dawa

Kitheka alisogeza kigoda chake. Hilo tu.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya mawe kula, sahani ya muthokoi mapajani, akainuka kidogo, akasogeza kigoda kuelekea ukutani, akaketi tena na kuendelea kula. Kamene, mkewe, alikuwa kwenye cherehani akipinda marinda ya sketi ya shule. Aliona. Mtu husogea hivyo mwenzake akija kuketi. Lakini katika chumba kile, ndani ya ploti ile ya Mwihoko yenye milango kumi na minne na bomba moja la maji, walikuwa wawili peke yao.

"Baba Dianah, kuna nini?"

"Hakuna."

"Na mbona umesogea?"

Kitheka aliitazama kwanza ile nafasi aliyoiacha, kisha mkewe. "Ni joto," akasema.

Majini ya watu wengine yana adabu zake. Yanangoja giza, yanangoja mbwa walie, yanachagua njia panda au mti mkubwa ili mtu ajue mapema pa kuogopa. Hili halikuwa na habari na giza. Lilikuja mchana kweupe, watoto wa jirani wakipigania baiskeli uani, nguo zimeanikwa, redio ya jirani Idah ikisoma matangazo ya vifo. Ndiyo sababu ilichukua muda kulitambua. Nani ana nafasi ya kuogopa saa saba mchana?

Alhamisi hiyo, Kitheka akiwa kazini, Kamene alisikia mtu anatafuna.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia lililotenga kitanda na upande wa kupikia. Ilikuwa ya kutafuna polepole, kwa mate mengi, ya mtu asiye na haraka wala kazi nyingine. Akadhani ni mbuzi wa keateka, mtunza ploti, ameingia tena. Akasimamisha cherehani, akaenda, akafunua pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile alivyokitandika asubuhi. Kutafuna kukakoma, kama mtu mwenye malezi anavyokoma mgeni akiingia. Na kulikuwa na harufu: ya jiwe lililokatwa sasa hivi, na ya maji yaliyolala muda mrefu pasipo jua.

Kamene akarudi kuketi. Aliposhika tu gurudumu la cherehani, kutafuna kukaanza tena.

Kule machimboni wanaume walitafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, na walikuwa wameupa jina. Waliuita dawa. "Leta dawa," walisema asubuhi kabla ya kushika nyundo, ingawa aliyesema hivyo hakuwa na ugonjwa wowote ila uchovu. Kitheka alikuwa mwana wa kijiji cha Ngoliba, mtu mrefu mpole aliyejua kuchonga jiwe likatoka pembe nne kama mkate, naye aliipokea dawa hiyo kama wenzake, na njugu na chingamu. Mwaka wa kwanza alitafuna kwa ajili ya kazi. Mwaka wa tatu kazi ilikuwa kwa ajili ya kutafuna. Kamene alikuwa amegombana naye hadi akachoka, akayameza, akasema heri jaba, kama walivyouita muguka mtaani, kuliko mwanamke mwingine. Hayo ndiyo tunayojiambia.

Jioni ile alimweleza alichosikia. Alitarajia kuchekwa. Kitheka aliangua kilio.

"Hata wewe umeisikia?" akanong'ona. "Basi si mimi tu. Si mimi tu, mama Dianah."

"Ni nani huyo?"

"Usiongee kwa nguvu. Iko hapa." Akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. "Inaniita. Inasema Kitheka wa Syokau. Vile mwaitu, mama yangu Syokau, alikuwa ananiita nikiwa mdogo, hivyo hivyo, na hiyo sauti tamu. Inasema nimechoka, niende ninywe maji baridi."

"Maji gani?"

"Ya lile shimo."

Kamene alilijua shimo lenyewe. Kila mtu Mwihoko analijua: machimbo ya zamani upande wa kuelekea Mwiki, mawe yaliisha, wenyewe wakaondoka, mvua ikalijaza. Maji yake ni ya kijani, na hakuna aliyewahi kusema ameona chini.

"Nikitafuna jaba inanyamaza," Kitheka alisema. "Kwa sababu na yenyewe inatafuna. Nikiacha, inaanza. Sasa nifanye nini? Nitafune mpaka lini?"

Tangu saa hiyo Kamene alikuwa na kazi moja tu duniani, na haikuwa ya kushona. Kitheka asifike kwenye lile shimo. Dianah, binti yao wa miaka tisa, alimpeleka kwa bibi yake huko Ngoliba, akamwambia ni likizo ingawa shule zilikuwa zimefunguliwa juzi.

Idah, jirani wa mlango wa nne aliyeuza mboga getini, alikuwa na jibu kabla hajamaliza kusimuliwa. "Ngai! Hiyo ni jini, mama Dianah. Na vile nyinyi watu wa Ukambani mnajuana na hizo vitu. Si huwa mnanunua huko kwenu?"

"Aki Idah, tununue na pesa gani? Mimi nimeokoka."

"Sijasema ni wewe. Nimesema ni huko kwenu." Lakini Idah alikuwa na moyo mzuri kuliko mdomo wake. Akaleta wamama watano wa kanisa. Waliomba Ijumaa tatu wakiwa wamefunga, wakakemea, wakapaka mafuta kwenye vizingiti. Jini lilitafuna Ijumaa zote tatu.

Ndipo Kamene akampeleka hospitali moja mjini Thika. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, foleni ikiwa imefika getini. Alimsikiliza Kitheka dakika nne, akaandika, akampa vidonge vyeupe vya kumeza kila jioni. "Hizi zitapunguza hizo sauti. Lakini aache miraa kwanza. Miraa ndiyo inaleta haya yote."

Na vidonge vilifanya kazi, tusivinyime haki yake. Katika wiki mbili kutafuna kulisogea mbali, kukawa kama kunatoka ploti ya pili. Kitheka alilala. Alimwambia mkewe kwamba jina lake limekuwa kimya, na akatabasamu, na Kamene akaingia nyuma ya pazia akalia kwa furaha ili asimwone. Lakini mwili wake ulikuwa mzito. Nyundo ilimshinda. Alisinzia amesimama, msimamizi akamtukana mbele ya watu, na Jumatatu moja mwenzake akamnyooshea kifungu cha majani, akamwambia, chukua dawa, uamke. Akachukua. Mwezi haukuisha, sauti ilikuwa imerudi chumbani, imeketi.

Waliporudi hospitali, daktari aliyaona meno ya Kitheka yaliyogeuka kijani, akaweka kalamu chini. "Mama, hapa tunaona watu wa akili. Huyu ni wa rihabu. Akimaliza kuacha, mrudi."

Hivyo wakaenda kwa Waweru.

Waweru alikuwa na nyumba ya kurekebisha walevi upande wa Mwiki, vyumba sita na ua wenye lango la mabati. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mkubwa, mwenye sauti ya kukumbatia. Alikuwa mlevi zamani, akaacha, na sasa alikuwa na miaka kumi na moja bila tone, na watu waliokuwa wamekufa wakiwa hai walitoka kwake wakiwa na kazi na wake. Hilo ni kweli na lisemwe. Kitu kimoja tu kilimshangaza mtu akikutana naye mara ya kwanza: hakunyamaza kamwe. Asipoongea aliimba nyimbo za kanisa. Asipoimba alipiga mluzi. Hata akisoma karatasi alizopewa, alivuma kooni.

Aliufungua mfuko wa Kitheka juu ya benchi uani, wagonjwa wengine wakitazama. Akatoa mashati. Akatoa sabuni. Akatoa pakiti ya vidonge.

"Na hizi ni za nini?"

"Ni dawa ya hosi, daktari alimpa," Kamene alisema. Akapunguza sauti. "Za... kuna sauti huwa anasikia."

Mluzi wa Waweru ulikatika. Kwa muda mfupi sana, kiasi cha mtu kupepesa macho, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha akacheka kwa upole. "Mama Dianah, hapa tunaacha dawa."

"Lakini hizi si kama zile za—"

"Huyu mzee ametoka kwa dawa moja, sasa umpeleke kwa ingine? Hiyo si kupona, hiyo ni kubadilisha dealer. Dawa ni dawa."

Lugha yetu ina maneno kumi ya mnazi na maneno mengi zaidi ya kumsema jirani. Lakini hapo ilitutupa. Kinachoponya ni dawa. Kinacholevya ni dawa. Anachozika mganga chini ya mlango wa adui yako ni dawa. Kamene alijua kuna tofauti, aliijua kwa macho yake, alikuwa ameziona zile wiki za usingizi. Ila hakuwa na neno la kuisemea, na mtu mwenye miaka kumi na moja bila tone alikuwa anamtazama kwa huruma.

Na ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba vya mgonjwa humwagwa na jamaa yake, kwa mkono wake, mbele ya wote, ili isisemwe kesho kwamba walinyang'anywa. Waweru akampa pakiti. Kamene akaenda hadi chooni, akavitoa kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi yake, akavitupa shimoni. Wanaume wakapiga makofi. Kitheka naye alipiga, kwa nguvu, akimtazama mkewe kama mtoto anayetaka kusifiwa. Na chini ya makofi yale, karibu na sikio lake, Kamene akasikia ikisemwa tena kwa furaha, kwa sauti ya Waweru kabisa: *Dawa ni dawa.*

Aligeuka. Waweru alikuwa ng'ambo ya ua, kikombe cha maji mdomoni.

Wiki mbili za kwanza hakuruhusiwa mtu kutembelewa. Kamene alirudi kwa cherehani yake na siku ya kwanza chumba kilikuwa kimya. Siku ya pili, kimya. Akamwambia Idah, na Idah akaimba na kumpa sukuma ya bure. Siku ya tano alikuwa ameketi akishona kola, akafurahia ukimya ule, kisha akasimamisha cherehani, kwa maana alielewa. Halikuwa limefukuzwa. Lilikuwa limemfuata mtu wake. Alipiga simu, msaidizi wa Waweru akamwambia mzee anaendelea poa, anakula, ila anaongea sana peke yake, ni kawaida, ni mwili unatoa sumu.

Siku ya tisa, saa saba kasoro, simu yake ililia.

"Mama Dianah." Ilikuwa sauti ya msaidizi yule. "Mzee ametoka. Ameruka ukuta. Waweru amemfuata, lakini hatujui wameenda upande gani."

Kamene alijua upande. Hakufunga mlango. Alipita getini kwa Idah bila kuitika, akakimbia na patipati hadi moja ikakatika, akaitupa, akakimbia na mguu mmoja peku, na jua lilikuwa utosini na barabara ilikuwa na watu wengi, wanaouza, wanaonunua, wanaocheka na simu zao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hewa ilikuwa imeanza kunuka jiwe lililokatwa, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyosikia, chini ya honi na chini ya redio za vibanda na chini ya pumzi yake mwenyewe, ile sauti ya kutafuna, si ya kinywa kimoja sasa bali ya vinywa viwili vinavyopokezana, kimoja kikianza pale kingine kilipoachia, kwa subira, kama watu wawili wanaokula sahani moja na hawataki kuigombania, hadi alipofika kwenye ukingo na vyote vikakoma kwa pamoja.

Kitheka alikuwa ndani ya maji hadi kifuani. Alikuwa anaongea kwa adabu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa.

Na Waweru alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jiwe juu yake. Hakuimba. Hakupiga mluzi. Kamene hakuwa amemwona akinyamaza hata mara moja, na ukimya ule ulimtisha kuliko maji.

"Umejuaje yuko hapa?" akamuuliza.

Waweru hakugeuka. "Nimeisikia ikimwita."

"Umesikia nini?"

"Ni ile ile." Alinong'ona mtu yule mwenye sauti ya kukumbatia. "Nilianza pombe juu yake, mama Dianah. Nikilewa ilikuwa inalala. Nikaacha pombe, ikaamka. Na nani ningemwambia? Mimi ndio mwalimu. Miaka kumi na moja tunakaa nayo, nikiimba ndio nisiisikie. Nikasema basi, hii ndio kupona. Nilidhani kila mtu aliyepona anakaa hivi."

"Mtoe," Kamene alisema. "Yesu, mtoe bwana yangu."

Waweru akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya jiwe, akaingia. Maji yalimpokea bila kelele. Alimfikia Kitheka, akamshika kwapani, na Kitheka akapigana naye huku akilia, "Wacha, ananingoja, mwaitu ananingoja," nao wakazama na kuibuka, wakazama na kuibuka, na Kamene akajilaza kifudifudi juu ya jiwe lenye moto, akatupa leso yake upande mmoja akiushika mwingine kwa mikono na meno, na Waweru akaukunja ule upande mkononi mwa Kitheka mara mbili, akamsukuma kwa bega, na Kamene akavuta mpaka kitu kikapasuka begani mwake, na mume wake akaja, kilo baada ya kilo, akikohoa maji ya kijani, akalala juu ya mawe.

"Waweru! Toka sasa. Shika!"

Leso ilimfikia. Ilielea mbele yake, karibu na kidevu. Lakini Waweru alikuwa amegeuza kichwa nyuma, kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya mazungumzo.

"Ngoja kidogo," alimwambia Kamene.

Akaenda chini, wima, bila kurusha mkono. Hakuibuka.

Vijana wa kuzamia walimpata siku ya tatu. Mazishi yake yalijaa. Mhubiri alisema alikufa akimwokoa mwenzake, na ni kweli, na watu wakalia sana. Hakuna aliyesema lile lingine. Kamene alikuwa peke yake aliyelijua, na alilibeba kutoka makaburini hadi Thika, hadi wodi ambako Kitheka alikuwa amelazwa, akalitua kwa nesi mmoja aliyeitwa Muriithi kabla hata hajaulizwa jina.

Muriithi alikuwa mtu mfupi, karibu kustaafu, mwenye kikombe cha chai kilichopoa tangu asubuhi. Alimsikiliza Kamene hadi mwisho. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, akamuuliza Kitheka maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa pamoja: ukitafuna, inasema nini? Usipotafuna je? Kipi kilianza?

"Sijui," Kitheka alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Nikijaribu kukumbuka, kila moja inasema ni ingine ilianza."

Muriithi akaandika hivyo hivyo.

"Ni jini?" Kamene aliuliza wakiwa wamesimama koridoni. "Niambie tu ukweli, daktari. Hata mimi nimeisikia."

Nesi hakucheka. "Umelala lini mara ya mwisho, mama?"

"Sikumbuki."

"Hiyo nayo nitaandika. Sasa sikia. Mimi hilo neno jini silitumii, lakini ukitaka tulitumie, basi mzee wako ana mawili, na yanajuana. Moja ni sauti, moja ni muguka. Hosi ikafukuza moja, ingine ikalifungulia mlango. Rihabu ikafukuza ingine, la kwanza likafungua. Watu wote wamekuwa wanafanya kazi nzuri, ila kila mtu kwa mlango wake. Mimi nitayatoa pamoja. Chumba kimoja, faili moja, siku moja."

"Mimi ndio nilimwaga dawa yake." Kamene alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayetapika. "Kwa huu mkono."

"Nani alikwambia umwage?"

"Marehemu. Alisema dawa ni dawa."

Muriithi akaliandika hilo nalo. "Na yeye hakuna mtu alimwambia tofauti," akasema. "Kuanzia leo, kwa nyumba yenu, hilo neno lisitembee peke yake. Muguka iite muguka. Kidonge iite kidonge. Sindano iite sindano. Mtu akisema dawa, muulize, dawa gani?"

Na wakafanya hivyo. Ilikuwa kazi ngumu na ya polepole, wala sitaipamba. Kitheka alitetemeka, akatapika, akamlaani mkewe kwa Kikamba na Kiswahili. Alianguka mara mbili, akarudia muguka. Mara zote mbili Muriithi hakumfukuza, alibadilisha vipimo vya vidonge na kumrudisha kwenye kikao cha Alhamisi, ambako watu tisa walikaa duara na kuongea juu ya kutafuna na juu ya sauti kwa siku ile ile, bila kuona haya. Sindano ilikuwa mara moja kwa mwezi. Machimbo aliacha, akapata kazi ya kupanga magunia katika duka la chakula cha mifugo. Mwezi wa nne akaanza kunenepa mashavu. Mwezi wa sita Dianah akarudi kutoka Ngoliba na akamkalia babake mapajani ingawa alikuwa mkubwa kwa hilo, na Kamene alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa kuitaja.

Jumapili moja walikuwa wanamenya viazi, yeye na mumewe, mlango wazi, Dianah akiruka kamba uani na watoto wa ploti. Saa saba.

"Mama Dianah," Kitheka alisema. Hakuacha kumenya. "Muriithi alisema nikiisikia tena nisikufiche."

Kisu cha Kamene kikasimama. "Imerudi?"

"Kidogo tu. Imeanza juzi. Na si ile ya mwaitu." Alizungusha kiazi, akatoa jicho lake kwa ncha ya kisu. "Ni sauti ya Waweru."

Uani Dianah alikuwa anahesabu kwa kuruka, thelathini na moja, thelathini na mbili.

"Inakuita kwa shimo?"

"Hapana. Haitaji shimo kabisa. Inaongea poa, vile alikuwa anaongea." Akainua macho, na yalikuwa macho yake, mapole, ya mume wake. "Inaniambia nisiache dawa."

Kamene alishukuru. Karibu acheke. Karibu aseme, maskini Waweru, Mungu amweke pema, amejua hata huko alikokwenda. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Dawa gani?" akauliza.

Kitheka aliinamisha kichwa kuelekea mlangoni, akasikiliza. Alisikiliza mpaka Dianah akafika hamsini, akakosea, akaanza upya kutoka moja.

"Nimeiuliza," alisema. "Haitaki kusema."